Filamu ya Kwanza Iwe ya Dakika Tano

Vijana wengi wanaoniuliza namna ya kuanza kutengeneza filamu huwa tayari wana hadithi, na hadithi yenyewe ni ndefu. Kuna urithi unaogombaniwa, msichana aliyetoka kijijini akaharibikiwa mjini, mganga, harusi, msiba, ajali ya gari na hukumu ya mahakama. Wahusika hawapungui ishirini. Wakishamaliza kunisimulia, swali linalofuata ni kamera gani wanunue.

Jibu langu halibadiliki. Hadithi hiyo iandike kwenye daftari uitunze. Kamera usinunue. Chukua simu uliyonayo utengeneze filamu ya dakika tano, yenye watu wawili, mahali pamoja, na uimalize. Nasisitiza hilo la kuimaliza. Mtu aliyeshuti nusu ya filamu ndefu akakwama kwa kukosa hela ya kuwarudisha waigizaji lokesheni amejifunza kushuti tu. Hajaona picha zake zinavyokataa kuungana, hajakesha na sauti mbovu akitafuta namna ya kuiokoa, hajakaa nyuma ya watazamaji akawasikia wanacheka mahali pasipo na kichekesho. Mafunzo hayo yote yako mwishoni mwa kazi, na asiyefika mwishoni hayapati.

Wala ufupi si alama ya uchanga. Ousmane Sembène wa Senegal alikuwa kuli katika bandari ya Marseille, akawa mwandishi wa riwaya anayejulikana, ndipo akaenda Moscow kusomea filamu akikaribia umri wa miaka arobaini. Aliporudi Dakar alikuwa na mambo mazito ya kusema kuhusu nchi iliyopata uhuru juzi tu. Mwaka 1963 aliyasema kwa dakika zipatazo 20 katika Borom Sarret: mtu mmoja, farasi, mkokoteni, siku moja. Mwenye mkokoteni anatoka asubuhi kutafuta riziki. Anambeba baba mwenye maiti ya mtoto mchanga hadi makaburini, baba anazuiwa kwa sababu ya karatasi. Baadaye anakubali kumpeleka mteja kwenye mtaa wa wakubwa, ambako mikokoteni hairuhusiwi, na polisi anamnyang'anya mkokoteni. Jioni anarudi nyumbani mikono mitupu. Mkewe anamkabidhi mtoto, anatoka, na kumwambia kwamba usiku huo watakula. Basi, filamu imekwisha. Mama yule anakwenda wapi kukitafuta hicho chakula? Hatuambiwi, na mtazamaji anaondoka na swali hilo moyoni.

Tazama pia jinsi alivyoipanga hadithi iendane na uwezo wake. Sauti iliwekwa baadaye, na sehemu kubwa ya tunachokisikia ni mawazo ya mwenye mkokoteni mwenyewe, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kunasa mazungumzo marefu katikati ya barabara yenye kelele. Hakuandika kwanza halafu akaanza kuhangaikia vifaa.

Huku kwetu njia ni hiyo hiyo. Amil Shivji, ambaye Vuta N'Kuvute yake iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi ilioneshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021, miaka ya nyuma alitengeneza filamu fupi, mojawapo ikiwa Shoeshine, ya kijana anayeng'arisha viatu jijini Dar es Salaam. Wapo wanaonijibu kwa kunitajia Pumzi ya Wanuri Kahiu wa Kenya, ya mwaka 2009, iliyojenga dunia nzima ya baadaye isiyo na maji kwa dakika kama 21. Ni kweli, ni filamu fupi na ni kubwa. Ila Wanuri alipoifikia Pumzi alikuwa ameshatengeneza filamu ndefu, From a Whisper. Usianzie pale alipofika mwenzako.

Sasa hadithi inatoka wapi? Anza kwa kuhesabu ulivyonavyo bila kulipa: saluni ya dada, bajaji ya mjomba, baraza ya bibi, kibanda cha chipsi cha rafiki yako siku ambayo hakifunguliwi. Hapo hapo mtafute mtu anayetaka kitu kimoja, anakitaka leo, na kuna kinachomzuia. Hiyo inatosha. Mwaka 1970 Abbas Kiarostami wa Iran alianza uongozaji wake kwa filamu ya dakika kama kumi: mtoto anarudi nyumbani na mkate, mbwa amekaa katikati ya uchochoro. Mtoto anataka kupita. Hakuna mazungumzo, na huwezi kuondoa macho.

Nitoe mfano wangu ili tusiongee hewani. Ni mkesha wa Idi. Mtoto wa miaka tisa anafika kwa fundi cherehani kuchukua kanzu yake. Fundi ameiunguza kwa pasi ya mkaa: mgongoni pana alama ya kahawia yenye umbo la pasi. Anaificha chini ya meza na kumwambia mtoto, "Njoo kesho." Kesho ni Idi. Mtoto hajibu, anakaa kwenye benchi. Giza linaingia, wateja wengine wanachukua nguo zao na kuondoka, mtoto yuko pale pale. Fundi anajifanya ana kazi, anakanyaga cherehani bila kitambaa. Mwisho anainuka, anaitungua kanzu yake mwenyewe mpya iliyokuwa imetundikwa ukutani, anaipima kwa macho kwenye mabega ya mtoto, na kuchukua mkasi.

Watu wawili, baraza moja, jioni moja. Lakini mwisho ule hautafanya kazi kama kanzu ya fundi itaonekana ghafla dakika ya nne. Lazima tuione mapema, na tuione kwa njia inayotuonesha thamani yake. Kwa hiyo picha ya kwanza kabisa ni fundi akiitundika kanzu yake, akiinyoosha kola kwa vidole, akirudi nyuma hatua moja kuitazama. Sekunde nane hivi. Mtazamaji anadhani anatambulishwa tu kazi ya fundi, kumbe ameshapewa mwisho wa hadithi akauweka mfukoni bila kujua. Hii ndiyo kazi ya uandishi wa filamu, na inafanywa kwa kalamu, kabla simu haijatoka mfukoni.

Ukiandika skripti, kadiria ukurasa mmoja kuwa dakika moja ya filamu. Andika kinachoonekana na kinachosikika, basi. "Fundi anakumbuka siku alizonyimwa nguo ya Idi utotoni" hakipigiki picha. "Fundi anasimamisha mguu kwenye kanyagio, anamtazama mtoto, anaendelea kukanyaga" kinapigika, na mwigizaji anajua la kufanya.

Hapa ndipo penye udhaifu wetu mkubwa, na nausema kwa kuipenda kazi hii. Filamu zetu zinaongea mno. Tumerithi jukwaa na michezo ya redio, ambako neno ndilo lililobeba kila kitu, tukaleta tabia hiyo mbele ya kamera. Mtu anakaa kwenye kochi, anapiga simu, anamweleza rafiki yake mambo ambayo rafiki tayari anayajua, ili sisi tuyasikie. Katika mfano wetu kishawishi ni kumfanya fundi aseme, "Mungu wangu, nimeunguza kanzu ya mtoto wa watu na kesho ni Idi!" Usimpe sentensi hiyo. Alama ya pasi tumeiona. Kwamba ni mkesha wa Idi tutalijua kwa takbira inayotoka msikitini mbali kidogo, bila mtu yeyote kulitamka. Ukimaliza rasimu ya kwanza, ifunike mistari yote ya mazungumzo kwa karatasi, usome vitendo peke yake. Kama hadithi inaeleweka kwa sehemu kubwa, endelea. Kama imepotea kabisa, ulichoandika ni mchezo wa redio, kiandike upya.

Kabla ya siku ya kushuti nenda lokesheni na simu, saa ile ile utakayoshuti, ukae kimya. Utagundua jua linaingia upande gani, jirani anawasha mashine ya kusaga saa ngapi, kuku wako wapi. Kisha andika orodha ya picha. Kwa mfano wetu ningeanza na picha ya mbali inayoonesha baraza yote, ili mtazamaji ajue benchi liko wapi na cherehani iko wapi. Baada ya hapo picha ya karibu ya mikono ya fundi, picha ya karibu ya uso wa mtoto, chini ya meza penye kanzu iliyoungua, kanyagio, ukuta. Onesho lote likichezwa mwanzo hadi mwisho kwa picha ya mbali, rudia lote kwa kila picha ya karibu. Hivyo utakapohariri hutakosa pa kukata. Simu iwe kwenye stendi. Kama huna, ilaze juu ya rundo la vitabu au uiegemeze kwenye tofali. Mkono unaotetemeka unachosha macho kuliko unavyodhani. Na futa lenzi kwa kitambaa safi kila unapoanza, maana simu inayoshinda mfukoni ina mafuta ya vidole, na taa zote zitaonekana zina ukungu.

Mwanga wetu una tabia zake. Karibu na ikweta, saa sita mchana jua likiwa utosini, macho ya mwigizaji yanapotea kwenye kivuli cha paji la uso wake. Shuti asubuhi hadi kama saa tatu, au alasiri kuanzia saa kumi. Jioni usijiachie, kwani giza letu linaingia haraka kuliko la Ulaya, na mafunzo mengi ya video yanayosifia mwanga wa machweo yametoka kwa watu wenye saa nzima ya mwanga huo. Wewe una dakika chache tu. Picha muhimu ya jioni ipangie mazoezi mapema ili jua likifika mahali pake mchukue mara moja. Ndani ya nyumba, mwigizaji akae akielekea dirisha, asilipe mgongo. Dirisha au ukuta mweupe ukiwa nyuma ya mtu mwenye ngozi nyeusi, simu inaupima ukuta na kuugeuza uso wa mtu kuwa giza tupu. Gusa uso kwenye kioo cha simu, ushikilie kidole hadi mwanga na fokasi vijifunge, ndipo urekodi.

Kuna jambo moja la kiufundi ambalo video za Marekani hazitakwambia. Umeme wa Tanzania, Kenya na Uganda una hezi 50, wa Marekani una 60. Simu nyingi hurekodi fremu 30 kwa sekunde, na chini ya baadhi ya taa zetu picha inaanza kucheza, mistari inapita juu na chini. Ingia kwenye mipangilio, chagua fremu 25 kwa sekunde. Kama programu yako inaruhusu, weka kasi ya shata iwe moja ya hamsini. Taa zinatulia. Kiwango cha 1080 kinatosha kabisa kwa filamu ya kwanza na hakijazi memori kadi kabla ya saa tano asubuhi.

Kama una akiba kidogo ya kutumia, iende kwenye sauti. Mtazamaji husamehe picha yenye giza kidogo, lakini akishindwa kusikia maneno anaacha kutazama, na hana haja ya kukueleza kwa nini. Simu iliyo mita tatu kutoka kwa mwigizaji inanasa chumba, feni, bodaboda na mwangwi, halafu kwa mbali sana sauti ya mtu. Suluhisho rahisi ni maiki ndogo ya kubana kwenye nguo. Rahisi zaidi ni simu ya pili: weka programu ya kurekodi sauti, izime mtandao, ifiche karibu na mwigizaji, kwa fundi wetu ndani ya kopo la nyuzi juu ya meza. Kila mnapoanza, mtu apige kofi moja mbele ya kamera. Wakati wa kuhariri utalinganisha mkono unapogonga na mlio wa kofi, na sauti ya simu ya pili itakaa juu ya picha sawasawa.

Zima feni na friji. Kama paa ni la bati na mawingu yamekusanyika, shuti maonyesho yenye maneno kwanza. Adhana ikianza katikati ya onesho la maneno, subirini iishe kwa heshima yake, kwa sababu ukikata picha mbili zenye adhana vipande vipande, kila mtu atasikia umeikatakata. Mkimaliza lokesheni, waombe wote wanyamaze, mrekodi nusu dakika ya ukimya wa mahali pale. Ukimya wa baraza ya Tanga si sawa na ukimya wa chumba cha Eastleigh, na nusu dakika hiyo ndiyo utakayoitandaza chini ya picha zako ili mikato isisikike. Halafu rekodi peke yake kila sauti ya mfano wetu: kanyagio la cherehani, mkasi ukikata kitambaa, makaa ndani ya pasi, benchi likilia mtoto anapojigeuza. Filamu yenye maneno machache inaishi kwa sauti hizi.

Waigizaji wako pengine watakuwa jamaa na marafiki, nao wanakupa siku yao bure. Basi chakula kiwepo na kifike kwa wakati. Usiwaite saa kumi na mbili asubuhi kama utaanza kushuti saa nne. Waambie mapema wavae nini, na wasinyoe wala kubadili mtindo wa nywele kabla kazi haijaisha. Mtu ambaye si mwigizaji usimpe hotuba kuhusu hisia. Mpe kazi ya mikono. Fundi halisi wa mtaani, akiambiwa tu atunge uzi kwenye sindano huku mtoto anamtazama, atakuwa mkweli kuliko mwigizaji anayejilazimisha kuonesha wasiwasi. Ukimtumia mtoto, mzazi wake aridhie kwa maandishi, awepo muda wote, na mtoto arudi nyumbani mapema. Usiku wa hadithi unaweza kushutiwa saa moja jioni.

Upande wa vibali usifanye mzaha. Tanzania Bara kuna Bodi ya Filamu, Zanzibar kuna baraza la sanaa na filamu, BASSFU, Kenya kuna bodi ya kuainisha filamu, na kila moja ina taratibu zake na ada zake. Ulizia kabla ya kutoa kamera hadharani. Kwenye baraza ya mtu, mwone mwenye nyumba na mjumbe wa mtaa. Kaa mbali na kambi za jeshi, bandari na majengo ya serikali, na droni usiirushe bila idhini.

Siku hiyo hiyo jioni, nakili kila kitu sehemu mbili tofauti kabla hujafuta chochote kwenye simu. Kuhariri, DaVinci Resolve ina toleo la bure lenye nguvu kama kompyuta yako inaihimili, na kwenye simu CapCut inatosha kuanzia. Unganisha kwanza hadithi nzima bila muziki wala mapambo. Itakuwa dakika nane, na itachosha. Anza kukata: ingia kwenye onesho kwa kuchelewa, toka mapema. Mlango ukifunguliwa, hatuhitaji kumwona mtu akiutafuta ufunguo. Ile picha uliyoipigania sana, iliyokutoa jasho, ndiyo yenye hatari zaidi, kwa kuwa unaipenda kwa sababu ya jasho lako wakati mtazamaji hakuliona. Itoe siku mbili. Kama hakuna kilichopungua, haikuwa na kazi.

Muziki, kuwa mwangalifu. Kuchukua wimbo wa bongo fleva au taarabu unaoupenda na kuuweka chini ya filamu ni kutumia mali ya mtu, na matamasha hudai uthibitisho wa haki za muziki. Mtafute mpiga udi, gita au ngoma unayemfahamu, akurekodie dakika moja, mwandikiane. Au acha bila muziki. Kanyagio la cherehani lile lile, likiharakisha na kusimama, linatosha kubeba wasiwasi wa fundi.

Filamu ikiwa tayari, usiitupe mtandaoni usiku ule ule. Wakusanye watu kumi wasiokuonea aibu, tandika shuka jeupe ukutani au tumia televisheni ya nyumbani, nawe ukae pembeni uwatazame wao, si filamu. Ona ni wapi mtu anachukua simu yake, ni wapi wanaulizana "huyu nani?" Wakimaliza usijitetee wala usiwaeleze ulichokusudia. Waulize kimoja tu: fundi alikuwa anaficha nini? Asiyejua amekuonesha picha inayokosekana, na kwa kuwa filamu ni ya dakika tano na fundi yuko mtaa wa pili, mnaweza kurudi Jumamosi ijayo kuipiga.

Baada ya marekebisho, peleka kwenye matamasha. ZIFF pale Zanzibar, inayoonesha filamu Ngome Kongwe tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, imekuwa ikipokea filamu fupi pamoja na ndefu, na matamasha mengi duniani yana kitengo cha filamu fupi. Tuzo za Oscar huihesabu filamu kuwa fupi ikiwa haizidi dakika 40 pamoja na majina ya mwishoni. Wachaguaji wa matamasha, wenye nafasi finyu kwenye ratiba, huona wepesi kuipenyeza ya dakika tano kuliko ya dakika thelathini na tano. Weka tafsiri ya Kiingereza chini ya picha, lakini waigizaji wako waache waongee Kiswahili cha mtaani kwao, kiwe cha Mombasa, cha Kigoma au cha Bukavu. Soma masharti ya kila tamasha, lipa ada pale unapoweza, omba msamaha wa ada pale usipoweza, na wakati unasubiri majibu anza nyingine.

Kwa hiyo usiku huu andika ukurasa wa kwanza. Kesho mtafute mtu mmoja wa kukushikia maiki, mkubaliane siku, na umwambie mwenye baraza kwamba mnakuja.